Medali ya shule ndogo na maneno ya shemeji

SWALI

Jambo Mwalimu. Niko mama wa watoto wanne, tulitoka Uvira, sasa tuko Iowa mwaka wa tisa. Kijana wangu wa pili anasoma shule ndogo ya hapa mjini kwetu, haifiki watoto mia tatu, na anacheza mieleka. Mwezi wa pili alichukua nafasi ya tatu ya jimbo katika daraja la 1A. Tulifurahi, kanisa zima liliimba. Sasa dada yangu mkubwa yuko Indiana, na mtoto wake anacheza pia, lakini kule hakuna madaraja, shule zote zinapigana pamoja. Yeye alitolewa kabla ya kufika fainali za jimbo. Shemeji akasema mbele ya watu kwamba medali ya kijana wangu ni ya mashindano ya kijijini, angekuwa Indiana asingefika popote. Tangu siku ile kijana amenyamaza. Anataka kuhamia shule kubwa ya mji wa jirani ili apigane 3A. Naomba utuambie: ni haki shule ndogo kuwa na ubingwa wao peke yao? Na hii medali ina thamani au haina?

JIBU

Mama, hongera kwanza, wewe na kijana. Nafasi ya tatu ya jimbo katika Iowa haiokotwi njiani. Nitarudi kwake baadaye. Nianze na shemeji, maana yeye ndiye aliyeleta maneno, na tukimjibu ovyo atarudi nayo tena Krismasi.

Shemeji hajakosea yote. Hesabu iliyo kichwani mwake, hata kama hakuitamka, ni hii: Indiana ina watu karibu milioni 7, Iowa milioni 3 na kidogo. Majimbo yote mawili yana makundi 14 ya uzito kwa wavulana, kuanzia paundi 106, yaani kilo 48, hadi paundi 285, kilo 129. Kila Februari Indiana inatoa mabingwa 14, basi. Iowa ina madaraja matatu ya shule, 1A kwa ndogo, 2A kwa za kati, 3A kwa kubwa, kwa hiyo inatoa mabingwa 42. Michigan ina madaraja manne, inafika 56. Mtu aliyezoea jimbo lenye bingwa mmoja kwa kila uzito, akisikia "bingwa wa jimbo" kutoka kwenye majimbo hayo, lazima aulize: bingwa wa jimbo gani, la wakubwa au la wadogo?

Na njia aliyopita mtoto wa dada yako ni ngumu kweli. Indiana ina hatua nne za mchujo. Ya tatu wanaiita nusu-jimbo, ingawa hizo nusu ziko nne. Usiniulize nani aliyepiga hesabu. Katika kila nusu-jimbo wanaingia vijana 16 wa kila uzito na wanne tu ndio wanaokwenda Indianapolis. Kwa hiyo pambano la pili la siku hiyo, robo fainali, linaitwa raundi ya tiketi. Ukishinda, umekata tiketi. Ukipoteza, msimu umekwisha. Nimekaa jukwaani siku kama hiyo. Ukumbi unapiga kelele upande mmoja, na upande wa pili kuna kijana amelala kifudifudi kwenye korido, koti la mazoezi limefunika kichwa, mwalimu wake amechuchumaa kando hasemi kitu. Katika raundi hiyo unaweza kumkuta mtoto wa Carmel, shule yenye wanafunzi zaidi ya 5,000, anapambana na mtoto wa shule ambayo watoto wake wote wangeenea kwenye kantini ya Carmel na viti vikabaki.

Kwa hiyo shemeji ana uchungu, na uchungu wake una msingi. Lakini alipotoka kwenye "njia ya kwetu ni ngumu" akaruka hadi "medali ya kwenu haina maana", hapo aliruka mtaro mpana bila kuangalia chini.

Kwa wasomaji wengine wanaosoma hapa: hii ni mieleka ya shule, si ile ya televisheni ya watu kurukiana kutoka kwenye kamba, wala si ile ya Kinshasa inayoitwa kachi, ambapo mtu anamwangusha mwenzake kwa dawa. Hapa kuna mkeka wa mpira, duara, refa, na vipindi vitatu vya dakika mbili mbili. Unapata pointi kwa kumwangusha mwenzako, kwa kumtoroka, kwa kumgeuza mgongo. Ukimlaza chali ukayashikilia mabega yote mawili kwenye mkeka sekunde mbili, pambano limekwisha hapo hapo. Nimechezesha mchezo huu miaka 14 na kabla ya hapo nilifundisha, kwa hiyo nasema niliyoyaona kwa karibu.

Hoja kuu ya wanaokataa madaraja ni nyepesi na ina nguvu. Mkekani hakuna shule, kuna kilo. Kwenye futiboli ya Kimarekani shule yenye watoto 2,000 ina vijana wa kupanga kikosi cha kushambulia, kikosi cha kuzuia na akiba juu yake, wakati shule yenye watoto 200 inawachezesha wale wale pande zote mbili hadi wanaishiwa pumzi. Hapo madaraja yanaokoa hata miili ya watoto. Mieleka imeshatenda haki hiyo kwa mizani. Kijana wa kilo 54 wa shule ndogo anakutana na kijana wa kilo 54 wa shule kubwa, mmoja kwa mmoja, na hakuna mtu wa akiba atakayeingia dakika ya mwisho. Ukubwa wa jengo analosomea utamsaidiaje akiwa amelala chini?

Jibu ni kwamba unamsaidia kabla hajaingia mkekani. Nikueleze nilichokiona.

Kuna shule moja ndogo niliyokuwa nikienda kuchezesha, jina tuliache. Chumba chao cha mazoezi kilikuwa zamani stoo ya viti. Mkeka mmoja, pembe zimeshikwa kwa utepe wa gundi, dari fupi kiasi kwamba kijana mrefu akinyanyuliwa anagusa taa. Timu ilikuwa na vijana wanane. Mdogo wao alikuwa wa paundi 106, na mwenzake wa karibu kwa uzito alikuwa wa paundi 144. Miezi mitatu, kila siku baada ya masomo, mtoto huyu alifanya mazoezi na mtu aliyemzidi kilo 17. Akajifunza mambo mawili: kutoroka na kuvumilia. Kushambulia hakujifunza, maana kila alipoingia miguuni mwa yule mwenzake, yule alimlalia tu kama gunia la mahindi, na jambo likaisha. Siku ya mchujo akakutana na mtu wa uzito wake. Mpinzani alisimama vibaya, mguu wa mbele uko pale, wazi, unaomba kuchukuliwa. Nilikuwa hatua moja tu kutoka kwao, filimbi mdomoni. Niliona macho ya yule mtoto yakiutazama mguu ule, na mikono haikutoka. Alipoteza kwa pointi mbili.

Shule kubwa ya mieleka ina vijana 60 chumbani, watatu watatu wa kila uzito, wanatafutana kila jioni. Anayepata nafasi ya kuvaa sare ameshapigana fainali ishirini kabla ya Krismasi. Kwa hiyo mizani inasawazisha miili, lakini haisawazishi mazoezi.

Kwenye timu jambo ni wazi zaidi kiasi kwamba sioni ubishi wowote. Timu mbili zinapokutana, ushindi wa kawaida una pointi 3 kwa timu, ushindi mpana una 4 au 5, kumlaza mtu chali kuna 6. Na uzito ambao huna mtu? Mwenzako anapanda mkekani peke yake, refa anamnyanyua mkono, timu yake inapata pointi 6. Ushindi wa mezani. Nimenyanyua mikono ya namna hiyo mingi mno, na hakuna kazi ya urefa inayochosha roho kama hiyo: kijana hajatoka jasho, wazazi wanapiga makofi ya adabu.

Sasa piga hesabu. Shule yako ina vijana 9, wapinzani wana 14 kamili. Nafasi tano tupu, pointi 30 zimekwenda kabla ya filimbi ya kwanza. Yamebaki mapambano tisa. Tuseme vijana wako wanashinda saba kati ya tisa, na wanne kati ya hao saba wanawalaza wenzao chali. Hiyo ni 24 na 9, jumla 33. Wapinzani wameshinda mawili tu kwa pointi za kawaida, 6, juu ya zile 30 za bure. Wao 36, ninyi 33. Vijana wako wamewapiga wenzao mara saba kati ya tisa na bado wanarudi kwenye basi wameshindwa. Atakayeniambia timu hizo mbili zigombee kombe moja nitamwomba aje akae kwenye basi hilo.

Tatizo la nafasi tupu ni kubwa kiasi kwamba shirikisho la kitaifa la michezo ya shule za sekondari liliruhusu, kuanzia msimu wa 2023-24, kila jimbo lichague makundi 12, 13 au 14 ya uzito. Na Iowa kwenu shule ndogo zinaruhusiwa kuungana mbili au zaidi zikaunda timu moja. Hizo ni njia za kuziba pengo bila kugusa madaraja. Lakini kwa kombe la timu, madaraja ni lazima. Tuliache hilo.

Ubishi wa kweli uko kwa mtu mmoja mmoja, na hapa ndipo Indiana inaposhikilia yake kwa sababu ambayo haikuanzia kwenye mieleka. Ilianzia kwenye mpira wa kikapu. Mwaka 1954 shule ya Milan, yenye wanafunzi 161, iliifunga Muncie Central 32 kwa 30 kwenye fainali ya jimbo, kwa mtupo wa mwisho wa Bobby Plump. Hadi leo mzee yeyote wa Indiana atakusimulia mtupo ule kana kwamba alikuwa amekaa mstari wa kwanza. Msimu wa 1997-98 jimbo likaugawa ubingwa wa kikapu katika madaraja manne. Shule nyingi ndogo zikaanza kupata makombe, na wakati huohuo viwanja vikaanza kuwa na viti vitupu, na watu wengi hawajawasamehe waliofanya mgawo huo. Mieleka ikaachwa kama ilivyokuwa. Waambie leo waigawe uone watakavyokutazama.

Nao wana mfano wao wa kukunyamazisha. Mater Dei ya Evansville ni shule ya Kikatoliki yenye wanafunzi mia kadhaa tu, na imechukua ubingwa wa timu wa Indiana, ule wa shule zote pamoja, zaidi ya mara 10. Hapo hoja ya ukubwa inapata kigugumizi.

Mfano wa Mater Dei lakini unafundisha jambo lingine kuliko wanalodhani. Unafundisha kwamba idadi ya wanafunzi ni kipimo kibovu. Mji fulani una klabu ya watoto inayoanza na wa miaka mitano, baba zao walicheza, babu zao walicheza, mwalimu yupo pale pale miaka 20. Shule ya hapo inaweza kuwa ndogo na ikawatesa wakubwa. Nenda Ohio, kwenye mji mdogo wa St. Paris, uone shule ya Graham ilivyotawala daraja lake miaka na miaka. David Taylor, aliyechukua dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo, alitoka hapo, na alikuwa bingwa wa jimbo mara nne. Hapo kwenu Iowa, ndugu wawili mapacha, Tom na Terry Brands, walitoka Sheldon, mji wa watu elfu chache; Tom akachukua dhahabu ya Atlanta mwaka 1996, Terry shaba ya Sydney mwaka 2000. Mwambie shemeji ajaribu kuziita hizo za kijijini.

Na upande wa pili, kuna shule kubwa ya mjini yenye watoto 2,500, nusu yao hawana nauli ya kwenda mazoezi ya jioni wala hela ya viatu vya mieleka, klabu ya karibu inatoza ada ya mwezi ambayo kwa mama anayefanya kazi zamu mbili ni kodi ya nyumba. Kwenye karatasi wanaitwa wakubwa. Mkekani wanachapwa na shule ndogo ya wakulima wenye mikeka kwenye maghala yao. Baadhi ya majimbo yameanza kuliona hili. Illinois tangu mwaka 2005 inazidisha idadi ya wanafunzi wa shule zisizo na mipaka ya mtaa, nyingi zikiwa za binafsi, kwa 1.65, kwa kuwa zinachagua watoto kutoka kokote. Iowa kwenu, kwenye futiboli, tangu 2023 wanahesabu pia watoto wangapi wanatoka kwenye familia zenye kipato cha chini.

Kuna jambo moja watu wa madaraja hawalisemi, kwa hiyo nitawasemea. Kwenye mchujo wa jimbo kila shule inaingiza kijana mmoja tu kwa kila uzito. Mmoja. Shule yenye watoto 4,000 inaingiza mmoja wa paundi 120, na shule yenye watoto 300 inaingiza mmoja. Ina maana shule kumi ndogo, kwa jumla watoto 3,000, zina tiketi kumi, na ile moja kubwa ina tiketi moja. Yule wa pili kwa ubora katika shule kubwa, ambaye huenda angepata medali 1A akiwa amefunga macho, anakaa jukwaani na chupa ya maji akimshangilia mwenzake. Hana mchujo, hana medali, na hakuna anayemwandikia barua ya kumlilia. Mweleze kijana wako habari hii polepole, maana ndiyo inayomhusu. Nitairudia.

Basi nifanye nini, nichague upande? Nimeshachagua zamani, na msimamo wangu unawaudhi wote wawili. Timu zigawanywe kwa ukubwa. Watu binafsi waanzie kwenye madaraja, kisha wakutane wote mkeka mmoja mwishoni. Si ndoto, kuna mahali wanafanya. Connecticut wana madaraja manne, kila daraja lina mashindano yake na mabingwa wake, watu wanapiga picha, babu analia. Wiki inayofuata waliofanya vizuri katika madaraja yote wanaingia kwenye mashindano ya wazi ya jimbo, na hapo hakuna anayeuliza shule yako ina madarasa mangapi. Massachusetts wanafanya hivyohivyo kwa madaraja yao. Na kutoka hapo wanaofuzu wanakwenda kwenye mashindano ya New England, majimbo sita pamoja. Mtoto wa shule ndogo anaondoka na medali ya daraja lake, na bado ana nafasi ya kujua ukweli.

New Jersey wamepita njia fupi zaidi: makombe ya timu yanagawanywa kwa ukubwa wa shule, lakini mtu mmoja mmoja, wote wanakutana Atlantic City ndani ya ukumbi wa Boardwalk Hall, bingwa mmoja kwa kila uzito. Jordan Burroughs, bingwa wa Olimpiki wa London, alipita hapo akiwa kijana wa Winslow. Naupenda mfumo huu, ingawa watoto wa shule ndogo wanaondoka mapema bila kitu mkononi, na kitu mkononi si upuuzi kwa mtoto wa miaka 16. Ndiyo sababu nawapa Connecticut alama zaidi.

Ninachopinga ni madaraja yasiyo na mlango wa juu, ambako bingwa wa wadogo na bingwa wa wakubwa wanamaliza shule bila kugusana mikono. Mlango ule una maana. Mtu anayenifanya niseme hivyo ni Carlton Haselrig wa Pennsylvania. Shule yake ya sekondari haikuwa hata na timu ya mieleka. Aliingia mchujo wa jimbo kama mtu mmoja aliyebeba jina la shule, na mwaka 1984 akawa bingwa wa jimbo. Akaenda chuo kidogo, Pittsburgh-Johnstown, cha daraja la pili. Wakati ule mabingwa wa daraja la pili waliruhusiwa kwenda kupigana na wa daraja la kwanza. Mwaka 1987 alichukua dhahabu zote mbili, ya wadogo na ya wakubwa. Mwaka 1988 tena. Mwaka 1989 tena. Sita kwa jumla, na hakuna mwingine aliyewahi kufika hapo. Baada ya enzi yake mlango ule ukafungwa. Nikifikiria watu wangapi wa namna yake wamekaa kwenye vyuo vidogo tangu siku hiyo wakiwa na dhahabu ambayo majirani wanaikunjia pua, naona wivu wa wakubwa uligeuzwa kanuni.

Sasa kijana.

Medali yake ina thamani, Mama, na thamani yake imeandikwa juu yake: wa tatu, 1A, Iowa. Aisome hivyo hivyo, asiongeze wala asipunguze. Haisemi kwamba yeye ni wa tatu Iowa nzima. Inasema kati ya vijana wa uzito wake katika shule ndogo za jimbo ambalo watoto wanavaa viatu vya mieleka kabla ya kujua kusoma, wawili tu ndio waliomaliza juu yake. Na daraja la 1A la Iowa si shamba la bibi. Shule kama Don Bosco ya Gilbertville iko humo, na walimu wa 3A wengi wangefurahi kutokutana nayo.

Kuhusu mtoto wa dada yako: kwenye ngazi za Indiana alizopanda, kufika raundi ya tiketi tu ni kazi. Hukuniandikia alitolewa hatua gani. Kama ni hapo, shemeji ana kijana mzuri nyumbani, na badala ya kumpima kwa medali ya mwenzake angemwambia hivyo. Lawama yake angeipeleka kwa wapangaji: jimbo lenye shule zaidi ya 300 za mieleka linaweza kuchukua zaidi ya vijana 16 wa kila uzito kwenye fainali zake bila kuvunja mila ya bingwa mmoja.

Kuhama shule nakataa, na nina sababu tatu. Ya kwanza ni ile ya tiketi moja. Kwenye hiyo shule kubwa huenda tayari kuna mtu wa uzito wake, na huyo akiwa bora kidogo tu, kijana wako ametoka kwenye nafasi ya tatu ya jimbo ameingia jukwaani na chupa ya maji. Ya pili, kanuni. Katika majimbo mengi mwanafunzi anayehama shule huku familia imebaki nyumba ileile anaweza kuzuiwa kuchezea timu kuu kwa muda, na huo muda unaweza kumeza msimu mzima. Kabla ya kugusa karatasi yoyote nenda kwa mkurugenzi wa michezo wa shule yake, uulize, na umwombe akuandikie jibu. Maneno ya mdomo kwenye maegesho ya magari hayatakusaidia baadaye. Ya tatu ni kwamba anachokitafuta hakipo kwenye jina la shule. Kipo kwenye watu wa kufanya nao mazoezi. Hao anaweza kuwapata bila kuhama. Baada ya msimu wa shule kufungwa, vilabu vinafungua milango, na humo watoto wa 1A na 3A wanachanganyika. Siku mbili kwa wiki zinatosha kuanzia. Muulize mwalimu wake klabu ipi iko karibu, na muulize waziwazi kuhusu ada, kwa sababu klabu nyingi zina nafasi za watoto wasioweza kulipa na hawazitangazi. Usione haya. Sisi wa kutoka nyumbani tunaona haya kuuliza, halafu wenye kuuliza wanazimaliza nafasi.

Na kama anataka kujua anasimama wapi hasa, bila 1A wala Indiana wala shemeji, kuna mahali. Kila Julai mashindano ya kitaifa ya vijana yanafanyika Fargo, North Dakota, ndani ya ukumbi wa Fargodome. Huko wanapigana kwa mtindo wa Olimpiki, mtindo huru na Kigiriki-Kirumi, kwa umri na uzito. Ukubwa wa shule hauna mahali pa kuandikwa kwenye fomu. Anaingia kupitia timu ya jimbo, kwa hiyo lazima aanze kujifunza mtindo huru mapema, mara tu msimu wa shule unapoisha. Sheria zake ni tofauti, na watoto wengi wa shule wanashangaa jinsi wanavyopoteza pointi kwa kuonyesha mgongo sekunde moja tu. Walimu wa vyuo wanakaa pale na madaftari yao. Nimewaona wakipita mbele ya bingwa wa jimbo aliyevaa koti limejaa nembo, wakaenda kumsubiri mtoto ambaye hakuwahi kufika fainali za jimbo lake, kwa sababu saa mbili kabla walimwona akirudi kutoka nyuma pointi sita.

Hukuniambia hawa ndugu wawili wana uzito gani. Kama wanakaribiana, mwandikie dada yako mtoto wake aanze mtindo huru mwaka huuhuu, na wote wawili wapange Fargo ya mwakani. Kutoka kwenu hadi kule ni siku moja ya barabara. Shemeji aje pia. Nafasi kwenye gari mtampa, lakini mafuta alipe yeye.